Kupima Ubora wa Rantaimu Nyepesi za JavaScript

Rantaimu ya JavaScript ni programu inayotekeleza msimbo wa lugha hiyo nje ya kivinjari. Katika huduma zinazomwondolea mtengenezaji kazi ya kutunza seva, kama AWS Lambda iliyoanza mwaka 2014, rantaimu huwashwa maombi yanapoingia na huzimwa yakikatika. Ndiyo maana wepesi wa kuamka huthaminiwa sana. Lakini wepesi huo una gharama yake, na ubora hujulikana pale vyote viwili vinapopimwa pamoja.

Kipimo cha kwanza ni mwanzo baridi, yaani ombi linaloikuta funksheni, msimbo wa mtengenezaji unaojibu maombi, haijawashwa. Kwenye logi za Lambda, kila ombi humalizika kwa mstari wa REPORT. Penye mwanzo baridi mstari huo huonyesha Init Duration, muda wa kuamka, mbali na Duration, muda wa kazi yenyewe, pamoja na Max Memory Used, kilele cha kumbukumbu iliyotumika. Wastani wa siku nzima huficha kasoro, kwa kuwa maombi mengi huikuta funksheni iko macho. Yachunguzwe yale yaliyochelewa kuliko yote. Ulinganisho pia ufanywe kwa kiasi kilekile cha kumbukumbu, kwa sababu Lambda hugawa nguvu ya prosesa kulingana nacho.

Kipimo cha pili ni injini, sehemu ya rantaimu inayotekeleza msimbo wenyewe. Node.js na Deno hutumia V8 ya Google. Bun hutumia JavaScriptCore ya Apple. Injini hizi hugeuza msimbo unaorudiwarudiwa kuwa lugha ya mashine huku programu ikiendelea. LLRT, iliyotolewa na AWS mwaka 2024, imeandikwa kwa Rust na hutumia QuickJS, injini ndogo ya Fabrice Bellard na Charlie Gordon. QuickJS haina ugeuzaji huo, hivyo huamka upesi na kutumia kumbukumbu kidogo, ila huzidiwa kwenye hesabu ndefu. Kupokea ombi, kusoma hifadhidata na kujibu ni kazi inayoifaa. Kuchakata picha kubwa kwa JavaScript tupu si kazi yake.

Wepesi hupatikana pia bila kupunguza injini. Huduma ya Cloudflare Workers huweka programu za wateja wengi ndani ya mchakato mmoja wa V8 ulio tayari, kila moja ikitengwa na nyingine na kupewa kikomo cha kumbukumbu cha MB 128. Hapo cha kukagua ni uimara wa utengano na utoshelevu wa kikomo.

Kipimo cha mwisho ni upatanifu. LLRT hutoa sehemu tu ya violesura vya Node.js, na AWS yenyewe huitaja kuwa ya majaribio. Maktaba zote za mradi zijaribiwe juu yake kabla ya kasi kusifiwa. Rantaimu iliyo bora ni ile inayoamka upesi, ikamaliza kazi iliyokusudiwa, na isimlazimishe mtengenezaji kuandika upya maktaba anazozitegemea.