Kamera ya Saa Tatu Usiku

Vifaa vya picha za harusi huchaguliwa kwa kuifikiria saa ngumu kuliko zote. Saa kumi na moja jioni ufukweni, maharusi wametulia na jua limelegea, karibu kamera yoyote itatoa picha ya kupendeza. Hata simu itatoa. Mtihani uko ukumbini saa tatu usiku. Mshereheshaji amewaita maharusi waingie, muziki umepandishwa, taa kubwa zimezimwa zikabaki za zambarau na buluu, kamati nzima inacheza njiani, na kila shangazi ameinua simu yake juu. Hapo ndipo atakapojulikana aliyechagua vifaa kwa akili na aliyevinunua kwa kutamani.

Ninamsifu huyo wa kwanza, maana husifiwa kwa nadra. Tunalisifu jicho la mpiga picha, na ni haki yake, jicho haliuzwi dukani. Lakini kuchagua vifaa nako ni ufundi: ni kuwawazia mapema watu ambao siku hiyo hawatakuwa na nafasi ya kuwaza.

Zamani maharusi ndio waliozifuata taa za mpiga picha. Mpiga picha Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mwenzake wa kazi Parekh alipovuma baadaye kule Mombasa, watu walivaa wakaenda studio, wakakaa mbele ya pazia, chini ya taa ambazo mwenye studio alizijua kwa miaka. Filamu ya 120 kwenye kamera ya picha za mraba ilitoa picha 12 tu, kwa hiyo hakuna aliyebonyeza ovyo. Leo mpiga picha ndiye anayewafuata maharusi: chumbani anakopambwa bibi harusi, kanisani au msikitini, barabarani nyuma ya matarumbeta, mpaka ukumbini. Kila mahali pana mwanga wake, na hakuna hata mmoja aliouchagua yeye.

Ndiyo maana mwenye busara huanza na lenzi, bodi, yaani kamera yenyewe, baadaye. Wanaoanza hufanya kinyume: hununua bodi ya bei mbaya, kisha wanaifungia lenzi ile ya kwenye boksi. Lenzi inayofunguka hadi f/2.8 hupokea mwanga mara mbili ya ile inayoishia f/4. Penye giza la ukumbi, hiyo ni tofauti ya kupiga kwa ISO 6400 au kulazimika kupanda hadi 12800, ambako chenga huanza kula sura za watu. Kwa hiyo lenzi za milimita 24-70 na 70-200, zote za f/2.8, zimekuwa mikono miwili ya kazi hii. Hiyo ya pili huweza kufikia uzito wa karibu kilo moja na nusu, na ikifika usiku bega linaujua uzito huo vizuri. Lakini padri akisema hataki mtu asogelee madhabahu, ni hiyo itakayokuletea pete ikiingia kidoleni ukiwa umesimama pembeni ya benchi la nyuma.

Halafu kuna mikono ya bibi harusi wa Pwani. Piko jeusi limechora maua kuanzia ncha za vidole, hina nyekundu imejaza katikati, na mistari mingine ni myembamba kama uzi wa kushonea. Aliyechora ameinama saa nyingi. Lenzi ya kawaida ukiisogeza karibu hugoma kushika fokasi. Ya makro, ile ya milimita 100 au 105, huingia mpaka uione rangi ilipotulia kwenye mikunjo ya ngozi. Itatumika dakika chache tu siku nzima, na bado naitetea.

Flashi ina vituko vyake. Vitabu hufundisha kuielekeza juu, mwanga ugonge dari nyeupe urudi umelainika. Kumbi zetu, mpambaji akishapita, dari haionekani tena, imefunikwa vitambaa. Ukipiga kwenye kitambaa cha waridi, wageni wote wanakuwa waridi. Anayezijua kumbi hizo hubeba flashi mbili na stendi zake, akaziweka pembeni na kuziwasha kwa rimoti. Na zile taa za rangi za bei nafuu hupepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya kimya ya kamera hizi mpya zisizo na kioo huona, ikakuachia mistari ya giza kwenye shela jeupe. Kushusha kasi ya shata hadi 1/100 ya sekunde mara nyingi hutuliza.

Vifaa vya mtumba sivibezi, wengi wetu tumeanza navyo. Ila huku mwambao joto na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Kabla ya kutoa pesa, mulika tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili. Ukiona utando, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Jambo ambalo silipunguzii bei ni nafasi ya kadi za kumbukumbu. Mwaka 2018 Nikon ilitoa Z6 na Canon ikatoa EOS R, kamera nzuri zote, kila moja na nafasi moja ya kadi, na wapiga picha wa harusi wakanung'unika sana. Mwaka 2020 zikaja Z6 II na R6 zenye nafasi mbili. Walionung'unika walikuwa na haki. Kadi hufa bila kuumwa, na ndoa haifungwi upya ili kadi nyingine ijaribiwe. Kamera inayoandika kila picha kwenye kadi mbili kwa pamoja, na bodi ya pili iliyo tayari begani, ndiyo tofauti ya mtu wa kazi na mtu mwenye kamera.

Kwa hiyo wewe unayetafuta mpiga picha wa harusi yako, ukishamaliza kutazama albamu zake, muulize ana bodi ngapi na kila moja inaandika kwenye kadi ngapi. Akijibu moja na moja, tafuta mwingine.