Come Back, Africa: Filamu Iliyowazunguka Makaburu

Mwaka 1959 filamu iitwayo Come Back, Africa ilionyeshwa katika tamasha la Venice, Italia, ikapata tuzo ya wahakiki. Ilikuwa imepigwa Johannesburg, katikati ya utawala wa Makaburu. Inawaonyesha Waafrika wakifukuzwa kazi, wakidaiwa pasi na kutiwa ndani kwa kosa la kulala na wake zao. Mwongozaji alifanya kazi hiyo mchana kweupe, na serikali iliyotunga sheria hizo ikijua kwamba anapiga picha. Wengi wameisifu filamu hii kwa ujasiri wake. Mimi nataka kuichambua kwa upande wa ufundi, kwa sababu ujasiri peke yake usingeitengeneza. Nguvu yake imo katika mpangilio wa kazi: Lionel Rogosin alitanguliza kuishi na watu, akafuatisha kuandika pamoja nao, na kamera ikaja mwisho.

Rogosin alikuwa Mmarekani wa New York, mtoto wa tajiri wa viwanda vya nguo. Katika Vita Kuu ya Pili alihudumu katika jeshi la majini, na alipotoka huko alikuwa ameazimia kupambana na ubaguzi wa rangi. Shabaha yake ilikuwa apartheid, lakini hakuwa amewahi kutengeneza filamu. Akaenda kujifunzia kazi kwa walevi wasio na makazi wa mtaa wa Bowery, New York. Filamu aliyoipata huko, On the Bowery ya 1956, ilishinda Venice na ikateuliwa kuwania Oscar. Kwake yeye yalikuwa mazoezi. Bowery ilimfundisha kumtafuta mtu halisi wa kubeba hadithi, na kumwacha mtu huyo aseme kwa maneno yake badala ya kukaririshwa.

Alifika Afrika Kusini mwaka 1957 pamoja na mkewe, Elinor. Kwa miezi mingi alizunguka, akasikiliza na kutafuta marafiki. Waliomfungulia mlango walikuwa Bloke Modisane na Lewis Nkosi, waandishi wa jarida la Drum, ambalo lilikuwa pia na toleo la Afrika Mashariki. Hao walikuwa watu wa Sophiatown, mtaa ambao serikali ilikuwa imeanza kuwahamisha wakazi wake kwa nguvu tangu Februari 1955, ili uvunjwe na ardhi yake wapewe Wazungu. Rogosin, Nkosi na Modisane wakatunga muhtasari wa hadithi. Mazungumzo hawakuyaandika. Kila onyesho lilikuwa na jambo lake la kutokea, na maneno wakaachiwa waigizaji wenyewe. Kwa hiyo tunasikia Kizulu, Kiafrikaans na Kiingereza, kila mtu akisema kama anavyosema kila siku.

Wakubwa wa serikali waliambiwa kwamba Mmarekani huyu anatengeneza filamu ya muziki, ya kuonyesha Waafrika walivyo na furaha. Tazama jinsi hila hiyo ilivyotumika mara mbili. Kwanza ilimfungulia Rogosin njia, kwa kuwa hakuna askari aliyeshangaa kuona kamera ikiwafuata vijana wanaopiga filimbi na kucheza barabarani. Pili, picha hizo hizo zimebaki ndani ya filamu. Baada ya kila mkasa wa mhusika mkuu, mtaa unapata nafasi ya kupumua, na sisi tunaona kilicho hatarini. Sophiatown tunaijua kwanza kama mahali pa watu wenye sanaa na utani, ndipo tunapoona ni nini kinachovunjwa.

Mhusika mkuu ni Zachariah, mwanamume aliyetoka Zululand kutafuta kazi mjini. Anayemwigiza, Zachariah Mgabi, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mtu wa kawaida anayetumia jina lake mwenyewe. Tunamfuata mgodini, kisha katika nyumba ya Mzungu alikoajiriwa kama mtumishi, kisha gereji, hotelini na hatimaye katika kazi ya barabara. Kila kazi inamponyoka kwa sababu ndogo. Bibi mwenye nyumba anakasirika. Mwanamke Mzungu anapiga kelele kwenye ujia wa hoteli, basi. Na kila akipoteza kazi, sheria ya pasi inamkaba: bila kibali huajiriwi, na bila mwajiri hupati kibali. Mkenya anayeijua historia ya kipande cha enzi za ukoloni hahitaji kufafanuliwa.

Hapa ndipo ninapoona ustadi mkubwa wa filamu hii. Haina msimulizi. Hakuna sauti inayotusomea vifungu vya sheria wala takwimu. Sheria tunajifunza kama Zachariah anavyojifunza, kwa kujikwaa nayo. Kila kazi mpya inatufundisha kipengele kingine cha mfumo, mpaka mtazamaji anaanza kukisia pigo litakalofuata kabla halijampata mhusika. Anayefikia hapo ameielewa apartheid kuliko aliyesoma ripoti nzima.

Waigizaji Wazungu nao walichaguliwa kwa akili. Yule bibi mwenye nyumba, mwenye kisirani na dharau, aliigizwa na Myrtle Berman, ambaye katika maisha yake alikuwa mpinzani wa apartheid. Ni watu wa namna yake tu ambao wangekubali kushiriki, na walizijua vizuri tabia za jirani zao. Hata hivyo, maonyesho yao ndiyo makavu kuliko yote. Wanaoigiza ubaya wasiokuwa nao wanaonekana wakijitahidi, na mitaani hakuna anayejitahidi. Tofauti hiyo inaonekana wazi.

Moyo wa filamu uko katika kilabu cha pombe cha uchochoroni. Nkosi, Modisane na Can Themba wameketi na wenzao, Zachariah akiwa pembeni anasikiliza. Hadithi inasimama kabisa. Wanabishana juu ya Wazungu waungwana wanaompenda Mwafrika mradi awe mnyenyekevu, na wanaikosoa riwaya ya Alan Paton, Cry, the Beloved Country, kwa kumchora Mwafrika mpole kupita kiasi. Mhariri mwingine angekata onyesho hili kwa kuwa halisukumi kisa mbele. Carl Lerner, aliyehariri pia 12 Angry Men, aliliacha likae. Kwa mara ya kwanza katika filamu, Waafrika hawamjibu polisi wala bosi. Wanafikiri kwa sauti, wao kwa wao, na wanajadili hata namna wengine wanavyowasimulia. Kisha anaingia binti mmoja, Miriam Makeba, anaimba, na mabishano yanageuka kuwa muziki bila kupoteza uzito wake.

Kasoro kubwa iko mwishoni. Vinah, mke wa Zachariah, anauawa na Marumu, tsotsi, yaani mhuni wa mtaani. Mtazamaji mvivu anaweza kuondoka akidhani kwamba adui wa Mwafrika ni Mwafrika mwenzake. Filamu imejilinda kidogo, kwani Zachariah hakuwepo nyumbani kwa sababu polisi walimkamata alipokwenda kulala na mkewe katika chumba cha mtumishi. Hata hivyo, Vinah anabaki mtu wa kuonewa huruma tu. Wanaume wamepewa kilabu kizima cha kutoa mawazo yao. Yeye hakupewa hata kiti cha kukalia. Kosa hilo ni la waandishi wote watatu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Makeba alionekana kwa dakika chache tu, lakini zilitosha kumfikisha Venice na baadaye Marekani, na hatimaye kumfanya mwimbaji aliyeipeleka Malaika, kwa Kiswahili chetu, katika majukwaa ya dunia. Mwaka 1960 alizuiwa kurudi kwao kumzika mama yake, na mwaka 1963 alikwenda Umoja wa Mataifa kutoa ushahidi dhidi ya apartheid. Modisane na Nkosi waliishia uhamishoni. Themba alifia Swaziland. Rogosin, alipoona haja ya ukumbi wa kuionyesha kazi yake New York, alifungua wa kwake, Bleecker Street Cinema. Huko filamu ilianza kuonyeshwa Aprili 1960, majuma machache baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville, Afrika Kusini. Wenye nchi yao walipigwa marufuku kuiona kwa miaka mingi.

Leo kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Goma ana simu inayopiga picha kwa wepesi kuliko kamera ile ya Rogosin. Anaweza kurekodi bomoabomoa asubuhi na kuirusha jioni. Wepesi huo ndio unaotunyima filamu nzuri za dhuluma, kwa sababu tunaanza na kamera na kumaliza na watu. Nawasihi wanaotengeneza filamu za makala wageuze mpangilio. Kaeni kwanza na wanaoonewa mpaka mjue utani wao. Waitieni kalamu kabla ya kuwaitia kamera, wanawake wakiwemo, kwa kuwa hapo ndipo wenzetu wa Come Back, Africa walipoteleza. Na mtakapofika kwenye uhariri, msiwe wa kwanza kukata pale wanapokaa kujadili hali yao, kwani mahali hapo panaweza kuwa ndipo filamu yenyewe ilipo.