Makala ya kurasa mbili na kuku wasio na kinga

Kama umewahi kufuga kuku, Gumboro unaijua. Vifaranga wakifika wiki ya pili hivi, mfugaji anahangaika na chanjo, anaichanganya kwenye maji ya kunywa na kumwomba Mungu. Virusi vyake hushambulia kijifuko kidogo kilicho karibu na tundu la haja la ndege. Kinaitwa mfuko wa Fabricius, kwa jina la mwanaanatomia wa Padua ambaye maelezo yake yalichapishwa 1621, mwenyewe akiwa ameshafariki. Miaka mia tatu na zaidi ikapita bila mtu kujua mfuko huo una kazi gani.

Aliyeng'amua alikuwa mwanafunzi wa uzamili na uzamivu kama sisi. Bruce Glick, pale Ohio State, alikuwa akiwatoa kuku wachanga mfuko huo ili aone nini kitaharibika. Hakuona kitu. Kisha mwenzake, Timothy Chang, akahitaji kuku wa kuonyeshea darasa jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili, akaazima wa Glick. Akawadunga Salmonella. Baadhi wakafa, na wengi waliobaki hawakutoa kingamwili. Kumbe ni wale waliotolewa mfuko! Somo liliharibika, elimu ya kinga ikapata mlango mpya.

Jarida la Science liliikataa makala yao. Ikatoka 1956 katika Poultry Science, jarida la watu wa kuku, na waliokuwa wakichunguza kinga ya binadamu wakaipita kwa miaka kadhaa.

Hapa wengi wetu tunapenda kupiga makofi na kuwacheka wahakiki. Mimi sikubali moja kwa moja. Isome: ni kurasa mbili tu, zinasema *nini* kilitokea, hazisemi *kwa vipi*. Kudai maelezo zaidi hakukuwa ujinga. Picha kamili waliileta wengine: Jacques Miller na tezi ya thaimasi kwa panya, 1961, halafu Max Cooper na wenzake mwaka 1965, walioonyesha kwa kuku kwamba kinga ina mikono miwili. Ndiyo asili ya majina seli T na seli B. B ni ya bursa, yaani ule mfuko, ingawa sisi mamalia hatuna mfuko huo na seli zetu za B hutokea kwenye uboho.

Ninacholalamikia ni hesabu zetu za leo. Alama ya jarida hupatikana kwa kuangalia makala zake za miaka miwili iliyopita zimerejelewa mara ngapi kwa wastani. Kwa kipimo hicho makala ya 1956 ingehesabiwa 1957 na 1958, basi. Imekwisha, wakati wasomaji wake hasa bado hawajafika. Halafu wakifika wanafanya jambo la ajabu: wazo likishaingia kwenye vitabu vya kiada, hakuna anayelirejelea tena. Leo ni nani akiandika "seli B" anawataja Glick, Chang na Jaap? Ushindi mkubwa kuliko wote hauonekani kwenye hesabu.

Ipo pia h, ya Hirsch, ya mwaka 2005. Mwenye makala moja tu, hata irejelewe mara elfu tano, h yake ni 1. Mwenye makala kumi zilizorejelewa mara kumi kumi ana 10. Sasa wewe niambie nani kaongeza elimu.

Nayasema haya kwa sababu yananihusu. Fomu niliyojaza mwaka huu ina safu ya alama ya jarida, haina safu ya kueleza makala inasema nini. Msimamizi wangu, ambaye namheshimu sana, alinishauri niiondoe kazi yangu ya vifaranga kwa kuwa jarida "halina jina". Huenda kazi yenyewe ni dhaifu, jamani, makala nyingi zinazokataliwa ni dhaifu kweli. Lakini angeniambia hivyo baada ya kuisoma, ningekaa kimya.

Na Chang? Kwenye masimulizi mengi ni "rafiki yake Glick" tu. Bila kipindi chake cha darasani, kuku wale wangezeeka bandani wakiwa na siri yao.