Mkasi Chini ya Maji

Yungiyungi halikuumbiwa tangi. Kwao ni bwawani, kinamasini, kando ya mito inayokwenda taratibu, kuanzia Misri hadi kusini mwa bara hili na Madagaska, na huko jani lake moja hutanda juu ya maji kwa upana wa sentimita 30 na zaidi. Sasa lichukue yungiyungi hilo, ambalo mtaalamu wa mimea Linnaeus aliliandika kwa jina la Nymphaea lotus mwaka 1753, ulitie ndani ya kioo chenye urefu wa sentimita 120 na maji lita 300, uweke na samaki humo humo, kisha umwambie fundi: listawi, lipendeze, lakini lisivuke hapa. Kazi ya fundi huyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Ni kazi isiyo na shahidi. Mgeni akikaribishwa sebuleni husifu samaki, husifu taa, pengine husifu na meza iliyobeba tangi. Yungiyungi huliona limekaa nyuma kidogo ya katikati, majani yake ya rangi ya damu ya mzee yenye madoa ya zambarau yakipishana bila kusongana, naye hudhani ndivyo lilivyojiotea. Majani yaliyoondolewa hayaoni, na hayo ndiyo kazi yenyewe.

Ili kuelewa ugumu wake, jua kwanza kwamba mmea huu una majani ya aina mbili. La chini ni jembamba, laini, limekunjamana kingoni, na hufanya shughuli zake zote ndani ya maji. La juu ni nene, uso wake una nta inayotelezesha maji, na vitundu vyake vya kupumulia viko upande unaotazama mbingu. Tofauti hiyo si ya urembo. Gesi hupenya ndani ya maji polepole mno, kama mara 10,000 kuliko hewani, na hewa ya ukaa ndiyo chakula cha jani. Jani likifika juu limefika sokoni. Basi mmea ukishapata majani kadhaa ya kuelea, hesabu yake hubadilika: huacha kuotesha ya chini, hupeleka kila kikonyo kipya juu, na baada ya muda tangi lote huwa gizani chini ya dari moja ya majani. Mimea midogo hufa kwa kukosa mwanga, huoza, na mwani hupata nafasi yake.

Mwaka 1980 mtafiti John Dacey alieleza jambo ambalo mimi hulikumbuka kila ninapoona mtu anafyeka majani kwa pupa. Katika Nuphar, jamaa wa karibu wa mayungiyungi, aligundua kuwa hewa huingia kwa majani machanga, hushuka kwa vikonyo hadi kwenye shina lililozikwa matopeni, kisha hupanda na kutokea kwa majani yaliyozeeka. Jani moja liliweza kushusha hadi lita 22 za hewa kwa siku. Upepo unavuma ndani ya mmea! Yungiyungi linalozuiwa lisifike juu halina upepo huo. Mizizi yake hutegemea oksijeni inayotengenezwa mchana na majani ya chini. Kila jani la chini linaloondolewa bila sababu ni pumzi iliyopunguzwa shinani. Ndiyo maana mafundi wengi wana kanuni ya kutovuka theluthi moja ya majani kwa mara moja.

Sasa tuje kwenye mkasi. Kikonyo kinachokusudia kwenda juu hujitambulisha mapema kwa anayejua kutazama. Hutoka katikati ya chipukizi kikiwa chembamba kuliko wenzake, jani lake likiwa limejikunja pande mbili kuelekea ndani, na hurefuka tu, harakaharaka, bila kusimama kulifungua. Jani la chini hufunguka lingali karibu na mchanga. Tofauti kati ya hayo mawili hudumu kwa muda mfupi sana, na umahiri wote umo katika muda huo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Hapa anayepaswa kuwahiwa ni jani, samaki mwenyewe anaogelea zake pembeni. Anayesubiri mpaka jani lielee amekwisha kuchelewa, kwa sababu mmea umeshatumia akiba ya kiazi chake kulijenga na umeshaonja faida yake. Atakata, nao utatuma jingine.

Kukata kwenyewe kuna adabu zake. Kibano kirefu hushika kikonyo katikati, mkasi wenye ncha iliyopinda hushuka hadi pale kinapoungana na shina, na pigo huwa moja. Ukikata juu, kipande kinachobaki huoza taratibu na kuchafua maji. Ukivuta badala ya kukata, unaweza kuinuka na kiazi kizima mkononi, maana kiazi cha yungiyungi ni kidogo na mara nyingi kimefukiwa nusu tu. Tena maji hudanganya jicho. Atazamaye kutoka juu huona shina liko karibu kuliko lilivyo, na mkasi wa mwanafunzi huangukia kikonyo cha jirani. Fundi huinama akatazama kupitia kioo cha mbele huku mkono wake ukiingia kwa juu: jicho linatoka upande mmoja, mkono upande mwingine, na vyote viwili vinakutana mahali padogo kuliko ukucha. Mkono huo huenda polepole. Samaki wakikimbia kujificha, amekosea mwendo.

Mkasi peke yake hautoshi, ingawa ndio unaopendwa kutajwa. Kipimo halisi cha ukubwa kiko chini ya mchanga. Yungiyungi lililopandwa kwenye chungu kidogo hubaki na majani madogo kuliko lililoachiwa sakafu nzima ya tangi, na lililokwisha kutawanya mizizi hupunguzwa kwa kisu chembamba kinachozungushwa mchangani kulizunguka shina, kikikata mizizi ya mbali na kuiacha ya karibu. Mwanga nao husema kitu: penye mwanga hafifu vikonyo hurefuka kuutafuta, penye mwanga wa kutosha majani hutulia chini. Saa 8 hadi 10 za taa zinatosha. Mbolea ya madini ya chuma huitia nguvu rangi nyekundu, lakini kuna wanaomwaga mbolea asubuhi na kulalamikia ukubwa jioni. Hao siwaonei huruma.

Tatizo la jani lililozidi ni la zamani kama tangi lenyewe. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jaribio lake la kuweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa Vallisneria katika chombo kimoja bila kubadilisha maji, mmea ukiwapa samaki oksijeni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka majani yaliyozeeka yalipoanza kuoza na kuchafua maji. Suluhisho lake lilikuwa konokono, ambao waliyala majani hayo. Konokono wale ndio wapogoaji wa kwanza wa tangi ninaowajua. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, mwaka 2015, Mjapani Takashi Amano alifungua Lisbon bustani ya majini yenye urefu wa mita 40 na maji lita 160,000, akafariki mwaka huo huo. Watu huisifu kuwa ni msitu halisi. Msitu halisi haukatwi kila mara. Ule usipokatwa, hauonekani.

Atauliza mtu: kwa nini usitafute yungiyungi dogo ukapumzika? Lipo. Mwaka 1987 Mjerumani Eberhard Fischer alikuta kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda, yungiyungi dogo kuliko yote duniani, Nymphaea thermarum, lenye majani yanayoweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Maji ya chemchemi yalipochepushwa, mmea ukatoweka hapo. Katika bustani ya Kew, Uingereza, miche yake ilikuwa ikifa hadi mtaalamu wa mimea Carlos Magdalena alipoacha kuizamisha kama mayungiyungi mengine na kuiweka kwenye udongo uliolingana na uso wa maji, jani likapata hewa ya ukaa moja kwa moja. Mwaka 2014 mche mmoja uliibwa hapo Kew. Kwa hiyo aliye na dogo ana shida zake, na shida ya kulilea, ukitazama vizuri, inatokana na jambo lile lile linalolifanya kubwa likimbilie juu: hewa ya ukaa.

Lipo swali moja ambalo mkasi hauwezi kulijibu kwa niaba ya mwenye tangi. Yungiyungi linalozuiwa daima halitoi ua. Ukitaka ua, sharti uruhusu majani machache yaelee, uvumilie kivuli, kisha usiku mmoja ua jeupe lifunguke juu ya maji na kufumba kesho yake kabla ya adhuhuri. Wapo wanaoona dhambi kuunyima mmea haki hiyo. Mimi nadhani fundi aliyekamilika ni yule anayeweza yote mawili: kulishikilia chini mwaka mzima, na kuliachia msimu mmoja kwa hiari yake, akijua ni majani mangapi atakayoyaacha na ni lini atayarudisha.

Neno la mwisho ni kwa wenye matangi. Mlichokikata msikitupe mtaroni wala mtoni, na kiazi kilichozidi msikipeleke bwawani kwa kisingizio cha kukihurumia. Kumbukeni gugu maji: lilitoka Amerika Kusini likasambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Kisumu na Mwanza wanajua lilichowafanyia. Anikeni masalio juani mpaka yakauke kabisa, kisha yafukieni kwenye bustani ya mboga.