Kwetu, Baba ni Mama

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Baba amelala, na ghala liko wazi." Ilikuwa katika mchezo wa shule yetu, miaka ya mwisho ya chama kimoja, na afisa aliyekuja kuukagua aliizungushia wino mwekundu. Siku hizo nchi nzima ilimwimbia baba mmoja tu, Rais. Mwalimu wetu wa drama akainama kwa adabu. "Mzee, Kiswahili kimetuponza. Huku Gusii baba ni mama. Huyo mwingine tunamwita tata." Afisa hakuwa mtu wa huku. Akamgeukia mpishi aliyekuwa akipita na sufuria, akamuuliza kama ni kweli. Mpishi akaapa. Na ni kweli: mtoto wa Kigusii akilia "baba", anamtaka mama yake.

Sentensi ikapona.

Tangu hapo nimewahusudu walimu wa drama wa Kisii na Nyamira kuliko waandishi wengi wenye majina. Kazi yao huanza saa kumi jioni, mvua ikipiga mabati mpaka mwigizaji hajisikii mwenyewe. Wana kartoni, gundi ya unga, magunia na wanafunzi wenye njaa. Mwaka ule tuliigiza habari za Otenyo, aliyemchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya wa Mwingereza, mwaka 1908, na Moraa, mtabiri aliyewachochea vijana wapigane. Kofia ya Northcote tuliikata kwenye kartoni ya sabuni. Ghala nalo lilikuwa la enzi hizo, au ndivyo tulivyoambiwa tuseme tukiulizwa.

Hotuba ya Moraa ilikuwa ukurasa mzima. Mwalimu aliichomoa yote kwa mkono wake, kabla afisa hajafika. Badala yake akamleta mzee mwenye obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane ambacho sauti yake nzito hunguruma kama nyuki ndani ya mtungi. Moraa akasimama, akawatazama vijana mmoja mmoja, mzee akikwaruza uzi mnene. Kwenye hati iliyopigwa mhuri paliandikwa neno moja tu: "Muziki." Ukumbini akina mama wa safu ya mbele walianza kuguna kabla msichana hajafungua kinywa, kwa maana kisa walikijua tangu utotoni.

Mkaguzi hupewa karatasi; hapo ndipo kazi yake ilipo ngumu. Sheria tuliyorithi kwa mkoloni ilidai mchezo upate leseni, na leseni iliweza kufutwa wakati wowote. Kule Limuru, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Oktoba 1977. Novemba leseni ikafutwa, na mwaka ukiisha wa Thiong'o akakamatwa. Mwaka 1982 walinyimwa kibali cha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, wakafungiwa mlango wa Ukumbi wa Taifa, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kufanya "mazoezi". Watu walifurika kutazama mazoezi hayo. Mwishowe polisi wakaubomoa ukumbi wa kijiji. Ukumbi ule waliujenga wanakijiji wenyewe, na hilo ndilo huniuma zaidi ya leseni.

Ungedhani hayo yamepita. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika tamasha la kitaifa la drama Nakuru na mchezo wa Cleophas Malala, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe. Malala akakamatwa, na polisi wakawatupia watu vitoza machozi. Wasichana walipanda jukwaani bila mwelekezi wala vifaa, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Wimbo wa taifa! Hakuna mkaguzi angeuzungushia wino. Urusi nako Zhenya Berkovich na Svetlana Petriychuk walihukumiwa miaka 6 jela kila mmoja, Julai 2024, kwa mchezo ambao miaka miwili nyuma ulikuwa umetuzwa tuzo kubwa ya tamthilia nchini humo. Karatasi ileile, msomaji mwingine.

Sisemi ukaguzi huzaa sanaa nzuri. Wanaosema hivyo kwa kawaida hawajawahi kukaguliwa. Mwalimu wetu angeipenda hotuba yake ibaki. Niliwahi kuiona, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha mahudhurio, wino umeanza kufifia. Ninachosifu ni mkono uliojua pa kukata ili damu isitoke.

Amestaafu sasa, ana ng'ombe wawili na chai kidogo upande wa Nyamira. Juzi nilimkuta na walimu wawili vijana waliomletea hati ya mchezo wao. Aliipitia yote bila kusema neno, kidole kikifuata mistari, kisha akarudi ukurasa wa pili.

"Hapa msichana anaponyamaza," akawauliza, "ananyamaza akimtazama nani?"