Ndege Ndogo Kati ya Mikarafuu

Sisi wa Micheweni tunaishi juu ya maweni. Mikarafuu mingi ya Pemba iko ng'ambo ya magharibi, penye vilima na udongo mzito, kwa hiyo filamu ya shamba la karafuu naitazama kwa jicho la jirani. Hii niliyoonyeshwa ni fupi, dakika chache tu. Imepigwa kwa droni ambayo mrushaji wake huvaa miwani akaona kila kionwacho na chombo, kana kwamba ni yeye anayeruka.

Droni si ngeni Visiwani. Kuanzia mwaka 2016 zilirushwa Unguja na Pemba kupiga picha za ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Lakini zile zilitazama wima kutoka juu, na mkarafuu ukawa doa la kijani. Hii inapenya baina ya vigogo, inapinda, inapaa hadi kileleni kwenye vishada vingi na matawi membamba. Hapo, nathubutu kusema, nilishika kiti! Mkarafuu hupita mita kumi, na tawi lake hukatika bila ya kuonya. Picha ya kupigwa chini haijapata kunionyesha jambo hilo.

Kisha inaondoka. Mchumaji tunamwona kufumba na kufumbua: mguu, upembo, pakacha, basi. Na yeye hukaa juu pale muda mrefu, akichagua vishada vilivyoanza kuiva rangi ambavyo vichwa vyake havijafunguka, maana vikifunguka thamani imekwenda. Kazi ni ya taratibu, filamu ni ya mbio. Jamaa wanaochambua karafuu na makonyo hawamo. Majamvi ya kuanikia yanapitwa kama barabara. Muziki, msomaji mpenzi, ni wa mashindano ya magari.

Nimesomesha watoto ambao baba zao walianguka mikarafuuni. Wako waliobaki vilema, wako tuliowazika. Urefu uliomfurahisha mrushaji, naye miguu yake iko ardhini, ni huohuo. Chombo chake kikigonga tawi atanunua kingine.

Lau ingekuwa insha ya mwanafunzi wangu chuoni, ningeandika pembeni kwa wino mwekundu: mwandiko mzuri, rudia, na safari hii kaa kwenye tawi moja mpaka pakacha lijae.