Maji ya Ruaha na Maneno ya Wachunguzi

Wasafiri wengi huijua Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya huingia hapo mara iuachapo mkoa wa Morogoro, kabla ya kuukabili mlima Kitonga, na wauzaji husimama kando yake na bidhaa zao. Mto Ruaha Mkuu nao hupita hapo. Elimu pia hupita. Kwa muda wa miaka tisini na zaidi wachunguzi wa kila fani wameipita njia hii kwenda Nyanda za Juu za Kusini: wachunguzi wa mila, wa mawe ya kale, wa ndege na kima, wa udongo, na hasa wa maji. Kazi zao ni nyingi, na sehemu kubwa yake imeandikwa kwa Kiingereza. Makala hii haikusudii kupima sayansi yao. Nia yake ni kuyahakiki maneno yao, na maneno ambayo kwayo matokeo ya kazi hizo yamewafikia watu waliochunguzwa.

Desturi yetu ni kuhakiki mashairi na hadithi tu, tukidhani kwamba taarifa ya uchunguzi ni kitu kisicho na mwandishi. Lakini taarifa nayo ina msimulizi, ina wahusika wake, na ina mtu aliyepewa ulimi na mtu aliyenyimwa. Tazama kitabu cha G. Gordon Brown na A. McD. Bruce Hutt kilichochapishwa mwaka 1935 juu ya wilaya ya Iringa. Mmoja alikuwa mchunguzi wa mila, wa pili mtawala. Walipatana kwamba mtawala aulize maswali yanayomhusu katika kazi yake, naye mchunguzi atafute majibu kwa Wahehe. Ulikuwa mpango wa uaminifu, kwa kuwa haukuficha kitu: kila mtu aweza kuona nani aliuliza na kwa haja gani. Ila Mhehe mwenyewe hakuwa na swali hata moja katika kitabu hicho, wala hakikuandikwa ili akisome. Kazi nyingi zilizofuata zilirithi mpango huo bila ya kurithi uwazi wake.

Juu ya mawe ya Isimila, yaliyojulikana kwa wataalamu mwaka 1951 na kuchimbuliwa na F. Clark Howell mwaka 1957 na 1958, sina mengi ya kusema. Aliyeyachonga hayupo wa kulalamikia tafsiri.

Wanyama ni habari nyingine. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa katika milima ya Udzungwa, na husimuliwa kwamba dalili yao ya kwanza ya ndege wasiyemjua ilikuwa miguu miwili ndani ya chungu cha mchuzi. Ndege huyo, jamaa ya kware, alipewa jina la Kilatini mwaka 1994. Magazeti yetu husema katika habari kama hizi kwamba mnyama "amegunduliwa". Je, aliyempika hakuwa amemgundua? Kugundua ni kutambua jambo lililokuwa limefichika, basi hapana budi kusema limefichika kwa nani. Ndege huyo alikuwa mgeni kwa vitabu, si kwa chungu. Afadhali kusema "ameandikishwa" au "ameingizwa katika elimu ya wanyama": neno dogo, lakini halimfuti mwenyeji.

Kima wa Rungwe alitendewa haki zaidi. Mwaka 2003 Tim Davenport na wenzake walikuwa wamekwisha sikia kwa Wanyakyusa habari za kima aitwaye kipunji. Walisita, kwa sababu katika masimulizi hayo wanyama wa msituni na wanyama wa mizimu walitajwa pamoja, ila waliendelea kusikiliza hata wakamwona. Mwaka 2004 Trevor Jones alimwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, huku Udzungwa, na mwaka 2005 habari zote mbili zikachapishwa pamoja. Jina kipunji likabaki ndani ya jina la Kilatini, na mwaka 2006 Rungwe nayo ikaingia katika jina la jenasi yake mpya. Hapa lugha ya wenyeji haikuwa pambo, ilikuwa ndiyo njia ya elimu yenyewe. Atakayedai kwamba lugha zetu haziwezi kubeba sayansi aanze kwa kujibu habari za kima huyu.

Sasa tuje kwenye mto, ambako maneno yameleta madhara makubwa zaidi. Jina Ruaha lenyewe hutolewa katika neno la Kihehe liandikwalo Ruvaha, maana yake mto, hata tusemapo "mto Ruaha" twasema "mto mto", na hakuna aliyedhurika. Maji ya Ruaha Mkuu hukusanyika katika nyanda za Usangu, mkoani Mbeya, hupita kinamasi cha Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, kisha huteremka kupita Mbuyuni hata Kidatu. Mitambo ya umeme ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975; Mtera ilijengwa kwanza kuwa ghala ya maji ya Kidatu, na mwaka 1988 ikapata mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Mbuyuni basi imekaa katikati ya mabwawa mawili, na maji yake ya kiangazi hutegemea sana milango ya Mtera.

Mwaka 1993 ilionekana kwamba mto umeacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na jambo hilo likarudi mwaka baada ya mwaka. Katika miaka hiyo hiyo nchi ilipata mgawo wa umeme. Mambo mawili yakafungwa kwa kamba moja, nayo kamba ilikuwa sentensi: "Ruaha imekauka." Wanaopima mto walikuwa wakisema jambo jembamba zaidi, yaani kwamba mahali fulani, kwa wiki fulani, maji yalikuwa hayapiti. Madimbwi yalibaki, na viboko wakasongamana humo. Kiswahili kina neno sahihi kwa hali hiyo. Maji ya bomba yakiacha kutoka hatusemi bomba limekauka, twasema maji yamekatika. Aliyesikia kwamba mto umekatika angeuliza: umekatikia wapi, na nani amekata? Aliyesikia kwamba umekauka hutazama juu mbinguni, au hutazama ng'ombe.

Na ng'ombe ndio waliotazamwa. Uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Uingereza, uliojulikana kwa herufi SMUWC, haukuona ushahidi kwamba mifugo au ukataji wa miti ndio sababu kubwa ya mto kukatika. Sababu kubwa ilikuwa maji yaingiayo mifereji ya mashamba wakati wa kiangazi. Tena ulionyesha kwamba maji ya kiangazi ni kidogo mno kuweza kulijaza au kulipunguza bwawa la Mtera, ambalo hujazwa na mafuriko ya masika. Mwaka 2003 Machibya, Lankford na Mahoo waliuliza kama kugombea maji baina ya mpunga wa Usangu na umeme ni jambo la kweli au la kudhaniwa. Mwaka 2004 Lankford na wenzake wakauliza tena kama shida ni uhaba wa sayansi au ni fikra zilizokwisha ota mizizi. Jibu lilikuja kwa vitendo: mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Martin Walsh ameieleza habari hiyo mwaka 2012 kuwa ni hofu yenye historia iliyofichika. Maelezo yake ni makali, nami naona yana haki.

Sisemi kwamba neno moja liliwahamisha watu. Sababu za siasa na za mali zilikuwepo. Nasema kwamba matokeo ya uchunguzi yalikuwa katika lugha moja, na amri, hotuba na magazeti yalikuwa katika lugha nyingine, na kati yake hapakuwa na daraja ila maneno machache mapana: mazingira, uharibifu, wavamizi, kukauka. Mfugaji aliyetaka kujitetea kwa ushahidi hakuwa na ushahidi huo katika lugha aliyohukumiwa nayo.

Mfano wa pili ni neno bonde. Katika maandishi ya serikali "Bonde la Rufiji" ni nchi yote ambayo maji yake humwagikia Rufiji, milima ikiwamo. Lakini kwa mkulima bonde ni pale chini penye unyevu, kinyume cha mlima. Mtu wa Mbarali, mamia ya maili kutoka baharini, akiambiwa kwamba yumo katika Bonde la Rufiji, husikia kwamba shauri hilo ni la watu wa mbali. Waandishi wa istilahi walichukua neno lililo hai wakalitia maana mpya bila ya kuiaga ile ya zamani.

Kinyume chake ni kinyungu. Hili ni neno la Nyanda za Juu, nalo hutaja bustani ya unyevu ilimwayo bondeni wakati wa kiangazi. Lina mahali, lina msimu, lina kazi ndani yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kwa namba hiyo kinyungu cha mwanamke mmoja na shamba la kampuni hulingana. Mwandishi wa taarifa anayeandika vinyungu angalau amekiri kwamba kuna desturi ya kilimo, si kosa tu. Hali kadhalika banio, neno la wakulima wa mifereji kwa mahali maji yachepushwapo mtoni: ni fupi, ni wazi, na lasema kweli kwamba maji hubanwa.

Wachunguzi wa mradi wa RIPARWIN, ulioanza mwaka 2001 na kukishirikisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walijaribu njia nyingine. Walitengeneza ubao ulioinamishwa, wenye mto uliochorwa juu yake. Gololi zikawa maji, na vijiti vikawa mabanio. Wakulima wa juu na wa chini walicheza pamoja, na aliyeko chini aliona kwa macho gololi zikiishia kwa jirani yake. Nimesoma maelezo mengi ya kuusifu mchezo huo kwa faida yake katika upatanishi. Sifa yake kwa upande wetu ni nyingine: ni uchunguzi ulioweka elimu mahali ambapo wenyeji walilazimika kuisema kwa maneno yao wenyewe, wakibishana. Maneno ya mabishano hayo ndiyo istilahi za maji tunazozitafuta ofisini. Kuyakusanya kwa daftari na kinasa sauti, banio kwa banio, kuanzia Igawa hata Kidatu, na kukaa Mbuyuni muda wa kutosha kusikia wakulima wa vitunguu huyaitaje maji yanayofunguliwa Mtera wasiyoyatarajia, ni kazi ya msimu mmoja wa kiangazi kwa wanafunzi wawili wa isimu na mmoja wa kilimo.